Muuza Siku

Baba huniuliza kila nirudipo kazini,
kisu cha kugemea kingali kiunoni mwake:
"Leo umeuza siku ngapi, mwanangu?"
Na hucheka, kwani kwake siku
ni kitu unachopewa bure alfajiri
kabla hujanawa uso.

Mimi ni karani wa samaki hapa Betio.
Samaki wenyewe siwaoni.
Naona nukta za kijani kwenye kioo cha kompyuta,
kila nukta meli, kila meli na wavu wake
uwezao kuzoa uwanja wetu wa mpira
pamoja na nguruwe wanaolala golini.

Hatuuzi jodari. Jodari hana kwao.
Asubuhi ni wetu, jioni ni wa jirani,
kesho kutwa yuko mahali pasipo bendera,
maji tu, na maji.
Basi visiwa vikakaa, vikagombana,
vikala, vikagombana tena,
mwishowe vikapatana kuuza siku:
siku moja ya kuvua, meli moja, bei moja kwa wote,
na hesabu ikifika ukingoni
lango lifungwe, hata kama mteja
anabisha hodi na pesa mkononi.

Ni rahisi kusema.
Mwaka ule wa ukame, visima vilipoingia chumvi,
sisi ndio tuliofungua mlango wa uani.
Meli mbili, siku kumi na moja, nje ya daftari.
Niliziandika mimi, kwa penseli,
nikazifuta mimi, kwa kidole kilicholowa mate.
Majirani walijua. Walinyamaza,
na kimya chao kiliniwasha kuliko upupu.

Jana, zamu ya usiku, saa nane na dakika arobaini,
nukta moja ilizimika.
Haikuzama. Meli inayozama hupiga kelele.
Hii ilifumba jicho lake yenyewe,
kusini, penye mpaka ambao wimbi halijausoma,
katikati ya miezi ya kupumzisha vyelezo,
tunapowaacha makinda wanenepe kivulini.

Nilijua inakoelekea: Funafuti,
kushusha shehena kabla ya jua.
Na ya Funafuti nayajua:
jenereta ya hospitali inayokohoa,
ukuta wa kuzuia bahari ulioishia nusu,
watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo.
Meli moja yenye haraka hulipa vizuri,
wala haidai risiti.
Nikapiga simu. Ikaita.
Nikahesabu milio kama mtu ahesabuye madeni yake.

Penitusi akapokea kwa sauti ya mto na shuka.
Sikumtajia mkataba, wala kifungu cha ngapi.
Nilitaja jina la meli, basi.
"Tumeiona," akasema.

Nilisikia feni yake ikizunguka.

"Haitatia nanga hapa. Majuro nimeshawaambia,
na Honiara, na watu wa Nauru.
Itatangatanga na mzigo wake
mpaka mafuta yaiumbue."

Nilitaka kusema ahsante. Nikasema,
"Penitusi, mwaka ule…"
"Mwaka ule mlikuwa na kiu," akanikata.
"Mwanao ameota jino?"
Mawili, nikamwambia. Ya chini.
Akasema wa kwake anauma kila kitu,
hata rimoti ya televisheni,
kisha akakata, nadhani akalala.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa juu ya mnazi.
Akateremka polepole, goti lake la kushoto kwanza,
chupa ya tembo tamu ikining'inia shingoni.
"Umeuza siku ngapi?"
"Hata moja."
Akanipa chupa, ingali na joto la mti,
akaelekeza kidevu mashariki,
kule maji yalikokuwa yanaanza kung'aa.
"Na hii je? Nani kailipia?"

Nikanywa.
Nikaikumbuka ile jenereta, inavyokohoa.