Tembe la Mbwa

Kabla ya kuwatoa, nagusa ardhi.
Si kwa kiganja; kiganja changu kimezoea sufuria.
Kwa mgongo wa mkono, usiojua kudanganya.
Nahesabu hadi saba.
Nikishindwa kufika saba, hatutoki,
hata Hoja alie mlangoni
kama mbunge aliyenyimwa dakika zake.

Novemba, Nkuhungu. Mawingu huja kutusalimia,
kisha hupita, kunyeshea wengine.

Leo ninao kumi na mmoja.
Wengi ni walinzi waliostaafishwa bila barua:
walilinda saruji, nondo, mbao za watu;
nyumba ilipopata geti
mbwa akapata teke.
Shilingi nilimkuta Iyumbu, kamba shingoni,
kafungwa kwenye kigingi cha jengo
lililokwisha kuzinduliwa.

Maji ya bomba ni Jumanne na Ijumaa, yakipenda.
Siku nyingine ni Mesaki na baiskeli yake,
madumu sita, na swali lile lile:
"Haya ya kunywa, au ya mbwa?"
Mbwa nao hunywa, Mesaki.
Anacheka. Siku hizi dumu la sita
halihesabu.

Sikuzaliwa nikiyajua haya.
Banda la kwanza nililiezeka na kulizungushia bati jipya,
geji thelathini, liking'aa hadi barabarani.
Nikalipiga picha, nikamtumia dada yangu Morogoro.
Saa nane mchana nilikuwa benki, kwenye foleni, chini ya feni.
Karani alikuwa bandani, komeo nimelifunga
ili asitoroke,
ili awe salama.

Niliporudi alikuwa anahema
haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu.
Nikammwagia maji ya barafu, ndoo nzima, kichwani.
Hata hapo nilikosea.
Maji ya kawaida, mama, alisema bwana mifugo,
tumboni, mapajani kwa ndani, kwenye nyayo,
taratibu, na umpepee.
Aliyasema kwa upole.
Afadhali angenifokea.

Sechelela, jirani,
ambaye hakuwa akinisalimia kwa sababu ya kelele za usiku,
alisimama nyuma ya ua wa minyaa
akanitazama nikifukia.
"Bati," alisema. "Hata kuku angekataa kutagia humo."
Kisha akasema: "Wewe hujui udongo."

Asubuhi alikuja na jembe lake, langu hakuliamini.
Nguzo zenye panda, fito, matawi, nyasi,
halafu udongo wa kichuguu tuliokanda kwa miguu,
tabaka juu ya tabaka,
paa bapa kama lile alilokulia Mvumi,
ambalo juu yake mama yake alianika uwele.
Mlango mfupi, umelipa kisogo jua la jioni.
Vipande vya madumu tukavifukia nusu mchangani,
maji yasipate moto.
Wapita njia wakacheka:
"Sisi tunahamia kwenye bati, mbwa wanahamia tembeni!"
Sechelela akawajibu kwa Kigogo
neno ambalo mpaka leo hajanitafsiria.

Leo, saa saba. Paa la nyumba yangu linatanuka,
ta, ta, kama mtu anayevunja vidole.
Nawahesabu mbwa.
Kumi.
Narudia. Kumi.
Nyuma ya tangi, chini ya mwarobaini alipolala Karani,
kwenye geti, ambalo sikumbuki kama nililifunga.
Kumi.

Nainama, naingia tembeni.
Giza. Harufu ya udongo na ya manyoya.
Na Sechelela kwenye kigoda, kandambili kavua,
anachambua mlenda,
na wa kumi na moja, Shilingi,
kalaza kidevu juu ya mguu wake.

"Usifikiri nimewapenda," anasema, macho kwenye ungo.
"Kwangu kuna joto."

Anasogea kidogo.
Nakaa.