Nafasi Nyeupe

Toleo la kwanza nilimchora Inspekta Mbilu
mwembamba kama fito, kofia imemkaa sawa,
hapokei, hanywi, hacheki.
Chilewa, fundi baiskeli pale Sabasaba,
alilisoma akiwa amelilaza juu ya tairi,
akanirudishia na alama ya grisi:
"Huyu polisi umemtoa nchi gani?"

Toleo la pili nikampa tumbo.
La tatu, saa ya dhahabu.
Mhariri akapiga simu: ongeza kitambi, kinauza.
Wakacheka kuanzia Majengo mpaka Kizota,
nami nikanunua wino chupa mbili,
na Jumamosi, mnadani Msalato, ubavu mzima wa mbuzi.

Lakini mkono ulinishinda.

Tumbo ni duara na kivuli, mtoto analiweza.
Mkono unaopokea hauna umbo.
Ukiukunja ni ngumi, ukiukunjua ni ombaomba,
na Mbilu si mpiganaji wala si ombaomba.
Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Basi nikaenda kuutazama, njia ya Singida, Nala,
nikakaa kando ya Mama Sechelela na karanga zake,
daftari nimelificha ndani ya gazeti,
upepo wa Julai ukitutilia vumbi kwenye chai.
Lori la alizeti likasimama.
Dereva akatoa leseni.
Afande akaifungua taratibu, kama barua ya posa,
akaifunga.
Lori likaondoka.
Sikuona kitu.
Likaja la mbuzi. Sikuona kitu.
Malori kumi na moja,
na daftari langu leseni zinatoka, leseni zinarudi,
katikati peupe.

Hapo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe:
kati ya kisanduku na kisanduku
kuna kile kichochoro cheupe
ambacho hakuna anayenilipa kukichora.
Humo mtu hupanda ngazi, usiku hukucha,
risasi hutoka kwenye bunduki ikafika kifuani.
Humo ndimo wanamofanyia.

Toleo la tisa:
leseni mkononi mwa Mbilu.
Kisha lori, vumbi, mgongo wa Mbilu.
Hakuna neno.
Mhariri akang'aka: "Rushwa iko wapi? Mimi nimelipia rushwa!"
Imo, nikamwambia.

Chilewa aliweka kidole palepale, penye weupe.
"Elfu kumi," akasema.
Mwanachuo mmoja wa Ng'ong'ona akasema tano, kwa pikipiki.
Mama Sechelela: "Na karanga zangu sahani mbili, hukuziandika."
Kila mtu alitaja bei.
Hakuna aliyebahatisha.

Siku ya nne, usiku, akabisha Koplo Ndahani,
tunapanga ua mmoja kule Nkuhungu,
choo kimoja, bomba moja.
Alikuwa na kandambili, na jarida amelikunja kama rungu.
Nikasogeza chupa ya wino isimwagike.
Hakukaa.
Akafungua ukurasa ule, akauangalia sana.
"Kuna siku nilikataa," akasema.
"Lori la magunia ya ufuta. Ilikuwa Desemba, mvua ya kwanza.
Kijana alikuwa ameshaiweka ndani ya leseni.
Nikamrudishia vilevile.
Hiyo unaichoraje?"

Nikavuta karatasi.
Nikachora leseni mkononi mwake.
Nikachora lori, matope, mgongo wake.
Tukaziinamia zote mbili chini ya taa,
ya kwake na ya Mbilu,
mbwa wa jirani akibweka, akinyamaza, akibweka.

"Ni ileile," akasema.

Nilitaka kumwambia ningeweza kuongeza mvua.
Ningeweza kumchora yule kijana akigeuka nyuma.
Sikusema.
Ndahani akalikunja jarida lake,
akakumbuka kwamba alilichukua kwa mkopo dukani kwangu,
akatoa elfu mbili, imekunjwa mara nne.
Nikanyoosha mkono
huku nikiangalia dirisha.