Mpira wa Mlango wa Nyuma

Ukitoa ufunguo, Benzi la baba halizimi.
Linaendelea kunguruma uani kwetu Tudor,
dizeli yake ikitikisa vikombe kabatini,
mpaka mtu ashuke, afungue boneti,
akibonyeze kile kishikizo chekundu ubavuni mwa pampu.
Utotoni nilidhani magari yote hulazwa hivyo,
kwa kidole, kama mtu anayefumbwa macho.

Leo nimekalia ndoo ya rangi,
Twalib wa jirani ananishikia tochi
(anaishika vyema hadi simu yake ilie),
na chini ya boneti mipira imelala ovyo,
tambi zilizomwagwa na mwenye hasira.
Mmoja umechomolewa, ukazibwa kwa skrubu.
Mwingine kwa kipande cha penseli
chenye alama za meno bado.
Fundi wetu wa Shimanzi, Mungu amsamehe,
alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa:
kinachovuja, kizibe.

Nimeanzia kwenye pampu, ndiko pumzi inakotoka.
Nimewasha, nimeweka kidole gumba mdomoni mwake,
kikavutwa, kikashikwa.
Mwezi wa nane huu tangu tumzike mwenyewe,
na kifua chake cha chuma kinavuta hewa
bila hata kukohoa.
Basi ugonjwa haumo mapafuni. Umo njiani.

Fuata rangi, alizoea kusema, rangi hazidanganyi.
Lakini jua la Mombasa limezifunza kudanganya:
wa kahawia, wa manjano, wote sasa rangi ya chai.
Nalowesha kitambaa mafuta ya taa, nasugua,
nasugua,
mstari wa samawati unatokeza, mwembamba,
kama mshipa mkononi mwa Mama.
Ndio huu utokao kwenye swichi kwenda kuinyamazisha injini.
Umepasuka kama kisigino.

Kwa Jivanji, Mwembe Tayari, nilinunua futi sita.
Akauliza, "Wa bafuni?"
Nikamwambia, "Wa gari la harusi, lile jeupe."
Akavuta inchi mbili zaidi, hakuzitia hesabuni.
"Mke wangu alipandia hilo."

Sasa milango. Natia mpira mdomoni, navuta
(ladha ya vumbi, na ya kitu kama udi).
Tak. Tak. Tak. Mitatu inaitika.
Wa nne kimya.

Naufuata chini ya zulia, chini ya kiti cha nyuma,
napita asumini zilizokauka, pini za mtandio,
senti hamsini,
mpaka mwisho wake: umezibwa kwa mswaki
uliochongwa vizuri kwa kisu
na kufungwa uzi mweusi, mafundo matatu.
Huyu si fundi wa Shimanzi. Yule hakuwa na subira ya uzi.

"Hiyo iache," Mama anasema dirishani.
Nanyamaza. Anaendelea kuchagua mchele.
"Likoni, foleni ya feri. Alishuka kununua dafu.
Akabana mlango wake kwa mazoea,
na yote ikajibana. Zeyana ndani, miaka miwili,
ufunguo ndani, vioo juu."
Anatupa jiwe moja nje ya sinia.
"Alivunja kioo kwa lile lile dafu."

Miaka yote nimekiona kioo kile,
kijani kidogo kuliko wenzake,
sikuwahi kuuliza.

Naunga wa samawati. Nawasha. Nageuza ufunguo.
Vikombe vinatulia.
Mama anatoka hadi mlangoni, sinia kiunoni:
"Limezima?"
"Limezima."
Anasimama pale, analitazama boneti,
kama kwamba bado kuna mtu wa kushuka.

Mswaki wa zamani umeoza, unavunjika vidoleni.
Namtuma Twalib msikitini, langoni, alete mpya.
Nachonga, naziba, nafunga uzi.
Fundo la tatu linanishinda mara mbili.
Kipande kilichobaki Twalib anakitafuna,
tochi imewaka bure mchana kweupe.