Hakutokea

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu:
Amefariki. Amehama. Hakutokea.
Mimi nilikuwa na kidole kimoja, na saa kumi yakaribia.
Bi Mwanatumu Shee, Mlaleo, nyuma ya kiwanda cha barafu:
nikambonyezea cha tatu.
Elfu mbili zake za mwezi
zikakatika kama stima ya tokeni.

Nisiseme uongo, sheria haikuzaliwa na chuki.
Mwaka juzi, Bombolulu, nilimkuta mkwe mtu
akila pesa za marehemu miezi ishirini na miwili,
kaburi lishaota majani, kadi yaenda benki kila tarehe tano.
Siku ile niliapa: atakayekula ataonyesha uso.
Utaitwa mara tatu. Ukikosa zote, jina latoka.
Nilipigiwa makofi kwa maneno hayo,
warshani Nyali, kabla ya samaki wa kupaka.

Huo ulikuwa mwaka wa unga wa bei ya kusemeka.
Sasa dukani kwa Awadhi mafuta yapimwa kwa kifuniko cha soda,
sukari yafungwa gazetini, kijiko na nusu,
na mtungi wa maji umefika hamsini;
mwenye mkokoteni akitaja bei huangalia magurudumu.

Jumatatu akaja.
Aliketi kabla sijamkaribisha, akavua kiatu kimoja,
akanihesabia.

Mwito wa kwanza uliingia simu ya mjukuu,
na simu ilikuwa rehani kwa fundi.

Wa pili alikuja. Foleni tangu alfajiri hadi adhuhuri,
kisha mashine ikamkataa kidole.
"Miaka arubaini nakuna nazi za harusi za watu,
nafua mashuka ya Tudor.
Alama za vidole vyangu ziko kwenye mashuka hayo.
Huko ndiko mukaangalie."

Wa tatu, maji yalitoka.
"Maji, mwanangu. Siku kumi na saba bomba lapiga mluzi,
siku ile likakohoa, likatapika kutu, likatoa.
Ungelikuwa wewe, ungelikwenda foleni gani?"

Sikumjibu. Naikumbuka siku ile.
Nilikuwa bombani kwetu Mshomoroni na ndoo sita,
nikafika kazini saa nne na suruali imelowa magotini.
Mkubwa akaniuliza, "Karani, kwenu pia yametoka?"
Tukacheka.
Mshahara wangu uliingia tarehe ileile.

Akavaa kiatu. Akasema, taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji aliyoishuku:

*Kosa langu nalijuwa, nilikwenda teka maji,*
*Na adhabu nimepewa, ya kukosa hata uji,*
*Hata mwizi huambiwa, ajitetee kwa jaji,*
*Mimi niliyezimiwa, sikuwa na msemaji.*

Kwenye benchi mtu akaguna. Mwengine akasema, "Rudia."
Hakurudia.

Nikafungua fomu ya rufaa.
Fomu ya rufaa ikasema: weka kidole.
Tukajaribu cha shahada. Tukajaribu gumba.
Nikamfuta kwa leso yake, nikampaka mafuta yangu ya mikono,
na mkono wake ulikuwa mwepesi, mkavu, kama kifuu kilichokwisha kazi.
Nyekundu. Nyekundu.
Chini kwa herufi ndogo: majibu baada ya siku tisini.
Siku tisini ni vifuniko vingapi vya mafuta?
Hilo warshani hatukufundishwa.

Nikatafuta kisanduku cha nne,
nikashusha ukurasa hadi mwisho, nikaupandisha,
mpaka mwenye zamu ya pili akaja kusimama nyuma yangu.

"Nimetokea," akasema Bi Mwanatumu,
bila hasira, kama mtoto anayeitikia rejista.
Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana.
Skrini ilikuwa baina yetu,
upande wangu.