Muuaji ni Kinyozi

Nakuambia mapema, uokoe elfu moja yako:
muuaji ni kinyozi.
Candiru, muuza karanga wa pale mlangoni,
alimjua kabla jina la filamu halijafutika kiooni.
"Huyu," akasema, "anatabasamu kwa meno ya chini tu,"
akaendelea kukunja karatasi zake.

Nilikwenda Oli, banda la Onzima, Jumamosi,
bati likitutemea vichwani joto la mchana.
Bango liliniahidi: WANAWAKE SABA. MPELELEZI MMOJA. HUTALALA.
Nililala.
Kati ya maiti ya tatu na ya nne nililala,
mimi niliyekesha miaka ishirini na sita
kaunta ya polisi, Arua, nikiandika maelezo ya watu kwa mkono.

Basi niacheni niseme, hapa najua kidogo.
Mpelelezi yule hana kalamu.
Saa moja na dakika hamsini, hakuandika hata tarehe.
Anafika penye damu, anavua miwani,
anatazama mbali kama mtu aliyesahau sufuria motoni,
kisha anajua.
Anajua!
Hajamuuliza jirani, hajahesabu viatu mlangoni,
hajakaa na mama
anayeanzia habari ya mwanawe kwenye bei ya mihogo,
na ukimkatiza tu, umempoteza muuaji.

Na mvua. Kila akifa mtu, mvua.
Hata hapa kwetu, inaponyesha mpaka mbuzi wakaomba msamaha,
sijaiona ikimtumikia mhalifu kwa uaminifu ule.

Aliyetuokoa ni Vijei Drani
(jina lake kwetu lina kifo ndani, si ajabu, tunao wengi),
maikrofoni mdomoni, kikohozi na yote,
akifasiri kwa Kiswahili cha Oli chenye Kinubi mfukoni.
Filamu ilipokosa maneno, aliyatia yake:
"Afande, geuka! Mshahara wako hautoshi kufia hapo!"
Tukacheka hadi benchi la nyuma likavunjika.
Na wale wanawake, maana filamu haikuwapa majina,
ilikuwa inawahesabu tu, kama kreti za soda,
yeye akawabatiza mmoja mmoja, kwa mchezo:
huyu Ayikoru, huyu Munduru, huyu dada yetu Letasi, mwangalieni viatu.
Wa sita akamwita Driciru.

Nikaacha kutafuna.

Faili la Driciru nililishona mwenyewe
kwa kamba ya kiatu, uzi wa ofisi ulikuwa umekwisha.
Kurasa arobaini na moja.
Ya mwisho inasema, kwa mwandiko wangu mzuri:
uchunguzi unaendelea.
Dada yake alikuja kila Jumatatu,
baadaye kila mwisho wa mwezi,
baadaye akaja mara moja, amebeba mtoto,
kuuliza kama bado nafanya kazi pale.
Nilistaafu mwaka wa mafuriko.
Uchunguzi unaendelea.

Kule kiooni kinyozi alipigwa risasi darajani,
mvua ikakatika, jua likachomoza kwa amri,
mpelelezi akavaa miwani.
Hakuna aliyepiga makofi.
Watu waliinama gizani kutafuta ndala zao,
mtu akasema, "Afadhali tungetazama mpira."

Nje nikamshika Drani mkono:
lile jina la sita, umelitoa wapi?
"Lilinijia tu, mzee. Kwani?"
Ana miaka ishirini na ngapi sijui, sauti imemkauka,
alikuwa anangoja nimpe pongezi.
Nikamwambia kazi nzuri.

Nikanunua karanga nyingine, sikuwa na njaa.
Candiru alizifunga kwenye ukurasa wa daftari la mtu,
wino wa buluu, mistari imejaa hadi pembeni.
Chini ya taa ya Onzima nilizimimina zote mfukoni
nikaigeuza karatasi, mbele, nyuma,
kwa mazoea,
nikitafuta tarehe.