Risasi ya Penseli

Mimi ndiye niliyepiga chapa, nakala sita,
karatasi ya kaboni ikinitia weusi vidoleni,
ndani ya meli ya kigeni iliyotia nanga Tanjung Priok,
kwa sababu nchi kavu yote ilikuwa na mwenyewe
na mwenyewe ndiye hasa waliyekuwa wakimtafuta.

Wapatanishi walikuwa watatu.
Mmoja alikuwa na mafua. Mmoja hakusema sana.
Wa tatu, Bwana Prewitt, alikuwa na subira ya mtu
anayepatana bei ya kitu asichokinunua yeye.

Siku nne tulikwama kwenye neno moja.
Waholanzi walitaka mamlaka yabaki kwao, *mpaka*.
Wetu walitaka yawe yetu, *tangu*.
Kati ya mpaka na tangu pakatiwa mkato,
mkato ukafutwa, ukarudi,
chai ikapoa, nikaambiwa niandike upya.

Kisha ikaletwa ramani.
Bwana Prewitt akainama, penseli mkononi,
akaniuliza kwa upole mto huu unaitwaje.
Cimanuk, nikamwambia. Ci ni maji, manuk ni ndege.
"Maji ya ndege," akasema, akatabasamu,
akapitisha mstari.

Risasi ya penseli ilikuwa butu.
Pale mezani, unene wa punje ya mchele.
Kule kwetu, nyumba kumi na tisa,
shamba la mpunga la mama, kinu, kaburi la baba.
Nilitaka kuuliza: walio ndani ya unene huo
wako upande gani?
Lakini mpiga chapa haulizi hayo.
Huuliza nakala ngapi.

Kaka yangu Engkos alijikuta upande usio wake.
Kifungu kilimtaka ashuke milimani
na bunduki ambayo haikuwa imeshindwa,
apande gari moshi kwenda Yogyakarta
kama anayekwenda harusini kwa watu asiowajua.
Nilimfuata kituoni. Aliniona.
Alitazama vidole vyangu, havijatakata bado,
akapandisha kioo cha dirisha.

Siku ya sahihi walipeana mikono, picha zikapigwa.
Yule wa mafua akapiga chafya katikati ya hotuba,
na katika yote niliyoyasikia siku ile
chafya ile tu ndiyo niliyoiamini.

Hata hivyo sitawakejeli.
Bunduki zilinyamaza miezi kumi na moja.
Ni mavuno mawili hayo.
Ni mapacha wa mama mdogo Juariah,
waliozaliwa usiku, taa ikiwaka,
hakuna aliyesema izimeni.

Halafu, alfajiri moja ya Desemba,
sahihi zikaisahau mikono iliyoziandika.

Penseli ile ninayo. Niliiiba mezani
wakubwa wakigonganisha glasi.
Imebaki kama kidole gumba, na risasi bado imo.
Naandikia madeni ya duka:
mafuta ya taa, chumvi, Bi Entin, nusu kilo ya mchele.
Engkos, sabuni mche mmoja, hajalipa.
Simdai.