Kipande cha Makaa

Usiku wa ishirini na tisa, mwezi wa mwisho kwa hesabu ya mwandamo,
Choglamsar imejikunyata chini ya milima,
maji yamelala bombani yakawa jiwe.
Shangazi Norzom amepika supu ya vitu tisa,
na katika kila bakuli donge moja kubwa la unga
lenye siri tumboni.

Tunapasua mmoja mmoja, wengine wakichungulia.
Rigzin kapata pilipili: *mdomo wako hauna mlango!*
Mtoto wa jirani, sufi: *moyo laini huyo, mbebeni.*
Mzee Phuntsok wa mafuta ya taa kapata chumvi,
mvivu, na hakuna aliyeshangaa.
Mimi nikapasua langu kwa kijiko
nikakuta makaa.

Walicheka. Nikacheka nao, kicheko cha kuazima.
Kila mtu anajua makaa ni moyo wa namna gani.

Kisha tukapewa kila mmoja kinyunya cha unga mbichi,
ujikande nacho palipo na maradhi,
maradhi yahame, yatupwe njia panda na mwaka uliochakaa.
Shangazi alijikanda magoti. Mzee, kiuno.
Mimi nilizungusha kinyunya shingoni, begani, kifuani,
nisijue pa kukiweka.
Ulimini, labda. Au kwenye simu.

Maana humo simuni mna jina la Lhazom, dada yangu,
miaka mitatu limesimama kama mgeni asiyepewa kiti.
Cherehani ya mama aliichukua yeye, akaenda nayo Delhi,
nami nikasema neno mbele ya watu, siku ya arobaini na tisa,
taa za siagi zikiwaka bado.
Cherehani yenyewe ilikuwa mbovu.
Hili sijamwambia mtu.

Alfajiri nimekaa kwenye mto, blanketi mbili mabegani.
Mtawa Chodze alinikanya juzi:
"Usiape. Kiapo ni chungu cha harusi, nawe una kuni mbili.
Tia nia. Ndogo, iingie kiganjani.
Kisha iulize: unaachia, au unakamata?
Unamtakia nani heri?
Ukitembea, utamkanyaga nani?"

Basi nahesabu pumzi.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne inakuja na sauti ya cherehani, *tra-ta-ta*,
mguu wa mama kwenye kanyagio, uzi mwekundu.
Narudi. Moja.
Mbwa wanabweka huko mtoni. Narudi. Moja.
Mwaka mzima nimetengeneza simu za watu,
nimefungua vioo vilivyopasuka bila kujikata,
na pumzi kumi tu zinanishinda.

Nilikuja na nia kubwa, nimevaa nguo mpya:
*mwaka huu nitamsamehe.*
Nikaiuliza. Ikajibu kwa kiburi,
ikitaka Lhazom ajue, na shangazi ajue,
na ikiwezekana Delhi nzima ijue.
Nikaiweka kando.

Ya pili ilikuwa nyembamba, haina hata viatu:
*jina lake likitokea, kabla sijaigeuza simu kifudifudi,
nitavuta pumzi moja.*
Moja. Hiyo naiweza.
Wahenga walisema nia njema ni tabibu;
hawakusema tabibu anakuja kwa miguu,
na theluji imefunga njia.

Kukapambazuka. Bendera za sala zimekakamaa kwa barafu,
hazipepei, zinagongana tu kama sahani.
Nikapeleka mkono mfukoni kutafuta funguo za duka,
vidole vikatoka vyeusi. Kumbe bado ninacho.

Saa mbili, simu ikalia.
Moyo ukaruka kabla ya jicho.
Namba ngeni: mteja, kaangusha simu chooni usiku wa supu,
anauliza kama mchele utaikausha.

Nikavuta pumzi moja, ndefu, yenye harufu ya moshi.
Yeye akangoja. Nadhani alidhani nimekata.
"Ilete," nikamwambia,
"iwe ndani ya mchele au bila mchele.
Tuitazame."